Kabla hujaagiza: kuupima mgahawa wa mchana Dar

Ukitafuta pa kula mchana, iwe Kariakoo au Posta, tazama saa kwanza, bango baadaye. Fika kati ya saa sita na nusu na saa saba, ndipo wanapokuja wanaokula pale kila siku: bodaboda, mafundi, makarani. Nyota za mtandaoni zinasaidia kwa hoteli kubwa. Mama ntilie wengi hata hawamo humo. Pilau ikiisha saa nane, ujue wanapika ya siku hiyo. Sufuria ikiwa bado imejaa saa kumi, jiulize kesho itauzwa kwa jina gani.

Kiporo cha wali si suala la ladha tu. Bakteria aitwaye Bacillus cereus ana mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe polepole, mbegu huamka na kuacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri mlaji kiwe juu ya nyuzi 60. Huna kipimajoto, lakini una macho: kifuniko kikifunuliwa, mvuke upande. Usipopanda, kula ugali uliosongwa sasa hivi.

Kwa samaki, mguse kwa uma. Aliyekaangwa akiwa hajalala, nyama yake huachana vipande vipande. Aliyelala husagika kama uji. Jodari na vibua wanataka uangalifu zaidi. Wakikosa barafu baada ya kuvuliwa hujenga histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na moto wa karai hauiondoi. Ulimi ukiwasha kama umelamba pilipili na pilipili haimo, weka chini. Usione aibu ya kuacha sahani uliyoilipia.

Chipsi zichunguze kabla hazijaingia kwenye mafuta. Mafuta yaliyochoka ni meusi, yanatoa moshi mapema, na povu lake halitulii. Zile za kwenye kabati la vioo zimeshakaangwa mara moja. Omba za viazi vibichi, usubiri kama dakika kumi hivi. Mishkaki nayo, pasua kipande kikubwa kuliko vyote uone kama kimeiva ndani, si kile cha pembeni kilichoungua.

Kachumbari ndiyo mtego wenyewe, maana haipiti motoni. Iliyokatwa asubuhi huelea kwenye maji yake na kitunguu kimelegea. Tazama pia ndoo ya kuoshea sahani: maji yakiwa ya kijivu na ndoo ni moja tu, omba limau, kachumbari iache. Na kama hakuna sabuni ya kunawia wateja, mpishi ananawa na nini?

Siku ya kwanza agiza wali maharage, uulize bei kabla ya kukaa. Maharage hayafichiki: yaliyoiva hupondeka kwa vidole viwili, na mchuzi wake ni mzito wenyewe. Yakiwa magumu katikati ilhali mchuzi ni mwekundu wa kuvutia, nyanya ya kopo imetumwa kufanya kazi ya mkaa. Ukifungasha, mchuzi ufungwe peke yake na wali uliwe mara ufikapo. Ofisini usiuache mezani hadi jioni.