Hospitali Bure, Barua Anazisoma Nani?

Mtu akikuambia Uingereza matibabu ni bure, hajakudanganya sana. Tangu Julai 1948, NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, ilipoanza, mwenye jumba na anayelala kwenye kochi la binamu yake wana haki ya kitanda kile kile hospitalini. Hakuna anayemshika ndugu wa mgonjwa mkono kumpeleka dirisha la malipo kwanza. Kwetu, mwenye nacho na asiye nacho wanatengana palepale dirishani, kila mtu anaona. Huku wanatengana pia, ila kimyakimya, na mimi nimeujua utengano huo kwa masikio: natafsiri Kiswahili kwa simu kati ya madaktari na wagonjwa, kaskazini mwa England.

Wagonjwa wangu wengi ni Wakongomani. Kati ya 2004 na 2020 serikali ya Uingereza ilikuwa na mpango wa kuleta wakimbizi, ukiitwa Gateway, na Sheffield na Bolton ni miongoni mwa miji ya mwanzo kuwapokea. Humo wamo waliokuwa walimu na wauguzi, na wamo akina mama ambao vita viliwafuata hata kabla hawajaanza darasa la kwanza.

Chukua wagonjwa wawili wa kisukari. (Nachanganya habari za watu wengi hapa; siri ya mgonjwa si ya kuanika.) Wa kwanza ana diploma. Daktari wa mtaa, yaani GP, anamwandikia rufaa ya kliniki ya miguu. Barua ikifika anaisoma, anaona tarehe imegongana na kazi, anapiga simu kuisogeza. Tena anajua kuwa kwa rufaa ya namna hiyo mara nyingi ana haki ya kuchagua hospitali, basi anatafuta yenye foleni fupi. Wa pili hajui kusoma, lugha yoyote. Barua yake inaingia kwenye droo pamoja na bili ya maji na matangazo ya piza. Siku ya miadi inapita. Hospitali inaandika kwamba hakufika, mara nyingi rufaa inafungwa na anarudishwa kwa GP, kwa barua nyingine. Nayo inaingia droo ileile. Mimi nakutana naye usiku, chumba cha dharura, kidonda kimeshanuka, na daktari kijana ananiomba nimuulize mama kwa nini alichelewa hivyo.

Takwimu za England zinasema jambo hilohilo kwa jumla. Wakazi wa maeneo maskini zaidi, ile sehemu ya kumi ya chini, hufika vyumba vya dharura karibu mara mbili ya wakazi wa maeneo yenye nafuu zaidi. Ukigeukia huduma za kupangwa, kama kubadilishiwa nyonga au kupimwa saratani mapema, maskini anapata pungufu ukilinganisha na shida aliyonayo. Magazeti huku yakilalamika kwamba dharura imejaa watu wasiostahili kuwepo, mimi huwa najiuliza mwandishi amewahi kujaribu kumpata GP saa mbili kamili asubuhi, simu zote zinapofunguliwa kwa mpigo, akiwa na Kiingereza cha "hello" na "thank you" tu.

Daktari Julian Tudor Hart aliliona hili zamani. Alikuwa GP wa Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe kusini mwa Wales, na mwaka 1971 aliandika katika jarida la The Lancet kwamba huduma nzuri huelekea kupungua pale hasa inapohitajika zaidi. Ninachompendea ni kwamba hakuishia kuandika. Aliamua kupima presha ya watu wazima wa kijiji chake, na asiyekuja alitafutwa.

Sasa tazama dawa. Katika England dawa ya kuandikiwa hulipiwa; mwaka 2025 moja ilikuwa pauni 9.90. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini hulipi. Mwenye kipato kidogo England anaweza kusamehewa, lakini wengine mpaka wajaze fomu ya HC1, na fomu hiyo ni kijitabu kizima: mapato, kodi ya nyumba, akiba, nani anaishi na wewe. Akiweka alama ya msamaha asiostahili, hata kwa kutoelewa, anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 100 juu ya bei ya dawa. Yaani msamaha wa maskini unadai ujuzi wa karani.

Lakini elimu nayo ina mipaka yake, na hili ni la sisi wabeba maboksi. Nawajua wenye shahada ya uzamili wanaopakia mizigo ghalani usiku kucha. Barua wanaisoma vizuri kabisa, kisha wanaiacha mezani, kwa sababu kwenda kliniki ni kupoteza shifti, na kwa miaka mingi sheria ya malipo ya ugonjwa iliziacha siku tatu za mwanzo bila kitu. Cheti cha Dar es Salaam hakimwombei mtu ruhusa kwa msimamizi wa ghala.

Halafu kuna bahasha ya kinyesi. England, kila aliye na miaka 50 hadi 74 na amejiandikisha kwa GP hutumiwa kwa posta, kila baada ya miaka miwili, kijichupa cha kuweka sampuli ya choo ili kupima dalili za saratani ya utumbo. Baba mmoja aliniambia alidhani kuna mtu anamtania. Aliitupa. Ikija kwako, fuata maelekezo na uirudishe. Posta haikudai hata senti.

Na kwa mliofika juzi: kujiandikisha kwa GP hakuhitaji pasipoti wala uthibitisho wa anwani, hata mapokezi wakikukazia. Mkalimani ni haki yako na hulipi. Mwombe unapopanga miadi, usingoje mpaka ufike, na usimtoe mtoto shule aje akutafsirie habari za kizazi chako. Usiku, kama si jambo la kufa na kupona, piga 111, simu ya ushauri ya NHS, useme "Swahili interpreter" na usubiri kwenye laini. Kama ni la kufa na kupona, 999.