Gari Lililobaki Gereji

Agosti 2012 nilikuwa spana boi katika gereji moja ya Unga Limited, Arusha, na kazi iliyotutoa jasho mwezi ule ilikuwa kuandaa msafara wa magari tisa kwenda Ziwa Natron. Wenye magari walikuwa marafiki waliounganishwa na mapenzi ya njia mbaya. Wengi walikuwa wa hapahapa Arusha, wawili walitoka Dar es Salaam, mmoja Nairobi, na mmoja Moshi, mwalimu wa sekondari ambaye sote tulimwita Mwalimu. Walitaka kukutana, kupiga kambi Ngare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, kisha warudi. Sisi tulipewa jukumu la kuhakikisha wanafika na wanarudi.

Mwenye gereji tulimwita Mzee. Aliendesha malori wakati wa Vita vya Kagera, baadaye akabeba watalii kwa miaka mingi kabla ya kufungua gereji yake. Porini hakuna gari linaloharibika, alikuwa akisema. Limekwisha kuharibika nyumbani, kule linatangaza tu. Kwa hiyo alitaka kila gari litangaze mapema, likiwa bado uani kwetu.

Anayeijua njia ile ataelewa kwa nini. Kutoka Arusha hadi Makuyuni na Mto wa Mbu ni lami, mtu anaweza hata kusinzia. Miaka ile, ukishajaza mafuta Mto wa Mbu unaiacha lami, unashika kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, Selela, Engaruka, kisha unapita chini ya mlima Kerimasi, na hapo udongo unabadilika. Lengai ulilipuka 2007 na kuendelea kutema majivu hadi 2008, na vumbi la upande ule ni laini kuliko unga wa ngano. Linaingia kwenye milango iliyofungwa, kwenye begi lenye zipu, na kwenye injini ya mtu aliyefunga chujio la hewa kwa haraka. Katikati ya vumbi hilo kuna makorongo ya mchanga ambayo kila msimu wa mvua huyachimba upya, hivyo aliyepita mwaka jana hawezi kukuhakikishia lolote.

Watu wakisikia maandalizi ya safari kama hii hufikiria winchi (mashine ya kuvutia gari kwa waya), taa za juu na matairi makubwa. Mzee alianza na mipira ya rejeta. Aliibinya mmojammoja kwa vidole, gari likiwa baridi, akitafuta ulaini usio wa kawaida karibu na vibano. Akaja kwenye mkanda wa feni, akaukunja nyuma kuona kama una nyufa. Akataka chujio la kila gari litolewe na mahali linapokaa papanguswe kwa kitambaa cheupe; kitambaa kikitoka na vumbi upande wa ndani, maana yake injini imekuwa ikila mchanga siku nyingi na mwenyewe hajui. Magari mawili yalikutwa hivyo. Nati za magurudumu tulizikaza, kisha tukachora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, ili dereva akisimama kuchimba dawa aone kwa jicho moja kama kuna iliyolegea.

Mizigo ndiyo ilileta ubishi. Kila mmoja alitaka madumu ya maji na dizeli yakae kwenye keria, nafasi ya ndani ibaki ya starehe. Mzee alikataa katakata. Maji ya watu wanne kwa siku tatu, ukihesabu lita tano kwa mtu kila siku, ni kilo sitini. Ukiziweka juu ya paa, gari likilala upande kwenye korongo hizo kilo sitini ndizo zinazolimalizia. Juu yakakaa mahema na magodoro. Vizito vyote vikashuka sakafuni, nyuma ya viti vya mbele, vikafungwa kwa mikanda.

Yule dereva wa Nairobi alifurahi kuona hayo. Alituambia kuwa kwao, kwenye Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, gari lisilopita ukaguzi haliingii uwanjani, awe nani mwenyewe. Sisi hatukuwa na mashindano wala kamati. Tulikuwa na Mzee, daftari lake na kalamu.

Mwalimu alifika Ijumaa mchana, kesho yake alfajiri ndiyo safari. Alikuja na Land Cruiser ya miaka ya tisini aliyoirithi kwa kaka yake, akaitengeneza kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu, mwaka huu shokapu, mwaka ujao viti. Aliambatana na mwanawe wa kidato cha pili, na kijana alikuwa amevaa kofia mpya. Walitusalimu wote, hadi mimi niliyekuwa nimelala chini ya gari jingine. Nikapewa kazi ya kuliosha lile gari uvunguni kabla Mzee hajalikagua.

Nilikuwa na brashi ya waya na kopo la dizeli. Magari yenye ekseli nzima na springi za mviringo mbele, kama lile, yana chuma kirefu cha mlalo kinachoishika ekseli isihame kushoto wala kulia. Upande mmoja kimefungwa kwenye ekseli, upande wa pili kwenye braketi iliyochomelewa kwenye chesisi. Nilipotoa tope lililokauka kwenye ile braketi nikaona mstari mwembamba wa kutu, mwekundu, ukifuata ukingo wa welding. Nikafuta, nikatazama tena, nikamwita Mzee.

Hakusema kitu. Alivua kofia, akaingia chini, akaniambia, "Nenda kwenye usukani. Washa, kata kushoto, kata kulia, polepole." Nikafanya. Nikasikia, "Tena." Nikakata tena. Ndipo akamwita Mwalimu naye aingie chini, ajionee mwenyewe. Nilipokata kushoto ule mstari ulifunguka, ukucha ungeweza kuingia. Nilipokata kulia ulijifunga.

Walitoka wote wawili wakiwa na vumbi mgongoni. Mzee akafuta mikono kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "gari lako haliendi Natron."

"Mzee wangu, si tunachomelea tu? Jioni bado ipo."

"Kuchomelea tunaweza. Lakini chuma cha pembeni kimeshaliwa na kutu. Nikiunganisha ufa leo, kesho kitapasukia pembeni yake, na wewe utakuwa kwenye mteremko na mtoto huyu kando yako. Braketi hii ikiachia, unakata usukani na gari linaenda linakotaka."

"Nimeendesha kutoka Moshi sasa hivi."

"Kwenye lami, mwanangu. Shukuru Mungu."

Nilitamani nisingekuwepo pale. Mwalimu alikuwa amelipa mchango wake, ameomba ruhusa kazini, amemwahidi mwanawe flamingo. Wenzake wawili walijaribu kumtetea. Mmoja akasema atatembea taratibu nyuma, mwingine akasema kuna mchomeleaji mzuri sana mtaa wa pili. Mzee aliwasikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akachukua daftari na kuandika mbele yao. Gari la nane lilikuwa na alama ya vema. La tisa aliliandikia neno moja: LIBAKI.

Nimefanya kazi na mafundi wengi tangu wakati ule, na wengi wanajua kufungua difu wakiwa wamefumba macho. Wanaoweza kumwambia mteja anayeipenda safari yake kwamba haiwezekani, jioni ya mwisho, watu wakiwa wamezunguka, ni wachache sana. Mimi nauhesabu ujuzi huo kuwa sehemu ya ufundi, tena sehemu ngumu.

Jioni tukawakusanya madereva uani. Mzee aliwafundisha wasimame, wafanye, siyo wasikilize. Kila mmoja alitoa tairi lake na kulirudisha. Kila mmoja alipunguza upepo kutoka PSI 36 hadi 18 kwa kipimo chake mwenyewe, akaona jinsi tairi linavyotandaa na kushika eneo kubwa zaidi la mchanga, na akaambiwa kwamba kwa upepo huo hakuna kukimbia wala kukata kona ghafla, maana tairi litatoka kwenye rimu. Wenye fri-hab za mkono, yaani vifungo vya kuunganisha magurudumu ya mbele na nguvu ya injini, walifundishwa kuzifunga kabla ya mchanga, wasingoje kukwama. Vidole gumba vikae nje ya usukani, kwa sababu jiwe likipiga gurudumu usukani hujizungusha na kuvunja kidole. Ukipanda kilima gari likashindwa, usigeuze. Kanyaga breki, tia rivasi ya gia nzito, shuka kwa nguvu ya injini, njia ileile uliyopandia.

Kijana mmoja wa Dar alikuwa na vifaa vingi kutuzidi sote. Mzee alipomwomba aonyeshe atakavyomvuta mwenzake, alifunga kamba kwenye ile boli ya kuvutia tela. Mzee akaifungua. "Kijana wangu, hiki ni cha tela. Kikikatika na kamba imevutika, kinapita kwenye kioo, kinapita na kwa aliyekaa nyuma ya kioo." Akamwonyesha ndoano ya kwenye chesisi, akamwambia alaze blanketi lililolowa juu ya waya wa winchi, na watu wote wakae mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Kisha zikaja ishara za mikono. Sharti lilikuwa moja: kwenye kikwazo anaongoza mtu mmoja tu, na akikunja mikono kifuani kwa alama ya msalaba, dereva anasimama pale pale, hata kama anaona njia nyeupe mbele. Yule kijana hakukubali. Alisema dereva ndiye anayeona. Mzee alimjibu kwamba dereva haoni gurudumu lake la nyuma, na akawaendesha wote juu ya magogo tuliyoyapanga, mara nyingi, hadi mguu wa kila mmoja ukawa unakwenda kwenye breki bila kuuliza.

Wakati wote huo Mwalimu alikuwa amesimama kando ya gari lake na mwanawe. Mzee akamwita. "Mwalimu, mimi magoti yangu hayashuki tena makorongo. Nataka wewe uwe mwongozaji. Utapanda gari la mwisho, utashika redio kolu, na kila kikwazo utashuka utembee kwanza. Kazi ya kutazama watu wanakosea wapi umeifanya miaka mingi." Mwanawe alipewa kiti kwenye gari la kwanza, la Mzee, na mimi nikabebana na masanduku ya spana nyuma.

Tuliondoka alfajiri magari manane. Hadi Engaruka safari haikuwa na neno zaidi ya vumbi. Tuliachiana nafasi hadi linapotulia, taa zimewashwa, na kwenye kila njia panda aliye mbele hakukata kona kabla ya kumwona aliye nyuma. Kwenye mifugo tulisimama kabisa, ng'ombe wakapita. Kila tuliposimama tulichungulia uvunguni, maana Agosti nyasi kavu hukwama kwenye ekzosi na gari huungua watu wakiwa wanapiga picha.

Korongo lenyewe tulilikuta tumeuacha Kerimasi. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa kutokea, imebaki njia moja nyembamba, kulia ukuta, kushoto shimo la kina cha mtu mzima. Mwalimu alishuka. Alivuka kwa miguu, akarudi, akavuka tena, akikanyaga mchanga kwa kisigino na kuweka mawe mahali pa kupita magurudumu. Tulingoja juani, na hakuna aliyepiga honi. Kisha akasimama upande wa pili, akainua mkono, akaanza kumwita mmojammoja.

Gari la tano lilikuwa la yule kijana. Alishuka vizuri, akapanda, na karibu na juu magurudumu ya mbele yalikwishashika ardhi ngumu. Kutoka nilipokuwa niliona amemaliza. Mwalimu akakunja mikono kifuani. Kijana akasimama palepale, injini ikinguruma. Tulipokimbia nyuma tukakuta ukingo wa kushoto umeporomoka chini ya gurudumu la nyuma, nusu ya tairi inaning'inia. Angeongeza mafuta kidogo tu, nyuma yote ingeteleza shimoni. Tulifunga kamba kwenye chesisi, tukajaza mawe chini ya tairi, blanketi likaloweshwa, winchi ya gari la nne ikavuta inchi kwa inchi. Alipotoka alimfuata Mwalimu, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia "ahsante, kaka," na hakuongeza neno.

Ngare Sero tulifika jua likishuka, magari yote manane. Mtoto aliziona flamingo zake asubuhi, na nyayo za watu wa kale zilizoganda kwenye majivu karibu na ziwa, na kwa siku mbili aliuliza maswali ambayo baba yake tu ndiye aliyeweza kuyajibu.

Tuliporudi Arusha, Land Cruiser ile ilibaki kwetu. Mchomeleaji alipoikata braketi upande mmoja, upande wa pili uliachia wenyewe ukaanguka sakafuni. Tukatafuta bati nene, tukaikata mpya, tukakwangua chesisi hadi chuma safi, tukachomelea, tukapaka rangi. Kabla ya kuondoka Mwalimu alimwomba Mzee jambo moja, na Mzee akaliandika palepale: kuanzia safari ijayo, magari yote ya msafara, hata yanayotoka mbali, yafike gereji siku nne kabla, ili likipatikana la kushona lishonwe, lipoe, lijaribiwe barabarani, na lipate alama yake pamoja na mengine.