Mama na wale watu mia

Mwaka 2022, wiki chache kabla ya Ramadhani, nilimpeleka mama kwa dakta hapa Lamu kwa mambo ya kolestro. Presha anayo kitambo na vidonge vyake vya presha anameza bila kukumbushwa, ila hiki cha kolestro alikuwa ameandikiwa kwengine, akapewa paketi akaambiwa "meza usiku, ni ya maisha", basi. Alipofika nyumbani akaitia kwenye kopo la nyuzi zake (mama hushona kofia za vito) ikakaa mumo humo. Simlaumu. Kitu cha maisha mtu haelezwi kwa neno moja huku ameshafunguliwa mlango atoke.

Huyu dakta alikuwa kijana, mtu wa bara, akamwamkia mama kwa adabu akavuta kiti akakaa upande wetu. Kaka yangu alikuwa kwenye simu toka Mombasa, ameshapandisha sauti, ampe tu dawa kwani kuna la kujadili? Dakta akamwambia, "Kaka nimekusikia, ila sasa nataka nimsikie mama mwenyewe." Simu ikakatwa.

Akageuza fomu nyuma, akachora viduara mia, safu kumi za kumi kumi.

"Mama, hawa ni wanawake mia mfano wako, umri wako, presha yako, kolestro yako, sukari hawana, sigara hawavuti. Kwa miaka kumi, kama kumi na wawili watapata mshtuko wa moyo au kiharusi." Akavijaza wino viduara kumi na viwili. "Wote wakila hizi statini, hivi vidonge vya kolestro, kila siku, watapungua wawe kama wanane." Vinne akavipiga mkwaju.

Mama akavaa miwani, akaanza kuhesabu kwa kidole, kimoja kimoja, vile anavyohesabu vitundu vya kofia kabla hajatia sindano, na dakta akamwacha amalize, wala hakutazama saa na foleni nje ilikuwa imejaa.

"Kwa hivyo hawa themanini na nane hawapati kitu hata wasipokula?"

"Hawapati, mama."

"Na hawa wanane wanakula na bado yanawapata."

"Ndio."

"Mimi niko wapi hapa?"

"Hilo silijui mama. Hakuna kipimo cha kunionyesha."

Mimi nilimpenda pale pale, manake mpaka siku ile kila mtu alikuwa anamwambia mama kula utapona, usipokula utakufa, na huyu aliyesoma ndo anasema sijui. Mama naye akafunguka, maswali yakaanza kumtoka. Saumu je? Ni kidonge kimoja kwa siku, atameza baada ya kufuturu. Misuli je, maana jirani alisema inauma? Akaambiwa wengine huumwa kweli, ila wengi wanaolalamika si dawa, maana kwenye utafiti hata waliopewa kidonge kisicho na dawa walilalamika misuli, lakini yakiwa maumivu makali au mkojo ukawa mweusi asingoje, aje mbio. Na sukari huweza kupanda kidogo kwa wengine, kwa hivyo wataipima. Tui la nazi? Apunguze. "Nitapunguza, kuacha siachi," mama akasema, dakta akakubali.

Halafu akamuuliza yeye anaogopa nini zaidi. Mama akanyamaza kidogo. Akasema kufa ni kwa Mungu, yeye anaogopa kiharusi, bibi yetu alilala kitandani miaka anageuzwa na yeye ndo alikuwa akimgeuza. "Hao wanne ni wachache, lakini kidonge kimoja kwa siku si kazi. Nitakula. Misuli ikinisumbua naacha nakuja kwako, sisubiri kliniki."

Dakta akaliandika hilo kwenye faili, akamsomea.

Baada ya miezi mitatu akapimwa tena, ile kolestro mbaya imeshuka vizuri na misuli salama. Dakta hakumwandikia moja kwa moja, akamuuliza tena kama waendelee.

"Tuendelee," mama akasema, "ila dozi usiniongezee bila kunionyesha watu wangu mia."