Kibao cha Ralph Kiner

Jirani yangu hapa Columbus, Ohio, ni mzee wa miaka 85 ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri. Alikulia Pittsburgh. Aliniomba kitu kimoja tu: siku nikienda huko, nimpigie picha kibao ambacho mpigaji wa besiboli husimama kando yake, kile cha uwanja aliochezea nyota wa jiji hilo, Ralph Kiner. Ijumaa moja ya Oktoba nilipata mapumziko, nikawasha gari alfajiri.

Ni mwendo wa saa tatu hivi. Unapita Wheeling, unavuka mto Ohio, vilima vinaanza kukubana. Jiji lenyewe halionekani mpaka mwisho kabisa: unaingia kwenye handaki la Fort Pitt lililotobolewa mlimani, kisha ghafla unachomoza juu ya daraja, maji chini yako, maghorofa mbele ya uso. Nilibaki natazama, nikapitiliza njia yangu.

Kwa wasioufuatilia besiboli: mpigaji akiutandika mpira ukavuka uzio ukiwa angani, anazunguka vituo vyote bila wa kumzuia. Hiyo ndiyo homurani. Kiner alianza na Pirates, timu ya Pittsburgh, mwaka 1946, na kwa misimu saba mfululizo aliongoza Ligi ya National, mojawapo ya ligi kuu mbili za Marekani, kwa homurani, peke yake au akilingana na mwenzake. Mwaka 1949 alipiga 54. Sasa itazame timu. Katika misimu hiyo saba ni mmoja tu, 1948, waliposhinda mechi nyingi kuliko walizopoteza. Mwaka 1952 walishinda 42, wakapoteza 112. Ni kama kwenye soka mfungaji bora wa ligi atoke timu inayoburuza mkia.

Mzee anasema watu walijaa hivyo hivyo. Kiner akishapiga kwa mara ya mwisho siku hiyo, watu walianza kumwagika nje, hata kama mechi haijaisha.

Uwanja wenyewe, Forbes Field, ulivunjwa 1971. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kimejenga hapo, na ndani ya jengo la Posvar, sakafuni, chini ya kioo, kuna kibao cheupe cha pembe tano. Wanafunzi walikuwa wanakanyaga kioo wakiwahi darasani. Nilichuchumaa. Kibao kina mikwaruzo. Nikawaza viatu vya Kiner hapo, rungu begani, timu imeshafungwa, na bado maelfu wanasubiri apige.

Nje, ng'ambo ya barabara, umebaki ukuta wa matofali wenye mimea inayotambaa. Umeandikwa 457, yaani futi kutoka kwenye kibao, kama mita 139. Huko mpira ulikuwa haufiki kirahisi. Ndiyo maana mwaka 1947, alipoletwa Hank Greenberg, mkongwe wa kupiga mbali, walisogeza uzio wa kushoto ndani kwa futi 30. Greenberg alicheza mwaka mmoja akastaafu, lakini alimfunza kijana Kiner kazi, na kona ile ikaja kuitwa Kona ya Kiner. Wapo wanaosema homurani zake zilipewa mteremko. Mimi sikubali. Timu ngeni nazo zilipigia uzio huo huo.

Linaloniuma ni jingine. Baada ya msimu ule wa kupoteza mechi 112, meneja mkuu Branch Rickey alimpunguzia mshahara. Inasimuliwa alimwambia kwamba tulishika mkia ukiwa nasi, na tungeshika mkia hata usingekuwepo. Mtu aliyewajazia uwanja! Juni 1953 akahamishiwa timu ya Chicago Cubs. Mgongo ukamstaafisha 1955, akiwa amefikisha homurani 369 kwa misimu kumi tu. Jumba la heshima la besiboli, huko Cooperstown, lilimpokea 1975, katika nafasi yake ya mwisho ya kupigiwa kura na waandishi.

Nilikaa chini ya ukuta karibu saa nzima, jua likiwa limepoa. Pirates walitwaa ubingwa hapa hapa mwaka 1960, yeye akiwa keshaacha kucheza.

Nikamtumia mzee picha. Akapiga simu papo hapo. Sikusikia neno kuhusu rekodi wala Rickey. Aliuliza, "Kile kioo, wanakifuta vumbi?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mzee. Leo nimekifuta mimi, kwa mkono wa sweta."