Radi iliyompiga mkwe

Wanaosema kutafsiri ni kufungua kamusi tu wanidai salamu, maana ushauri wao ndio ulioniumbua. Neno lenyewe moja: foudre, la Kifaransa.

Mama mmoja hapa Tanga, bintiye kaolewa Ufaransa, alinipa barua za mkwe wake nimgeuzie Kiswahili. Malipo ya kununulia mchele na bando. Kamusi ikaniambia foudre ni radi. Nikafika pale kijana anaposimulia alivyomwona binti sokoni mara ya kwanza: coup de foudre. Coup najua ni pigo. Nikaandika bila kusita: “Nilipomwona binti yako, nilipigwa na radi.”

Usiku simu ikaita. “Mwanangu, mkwe wangu alipona? Mbona hawakuniambia?” Majirani walikwishapata habari, na mmoja alishatoa hukumu kwamba radi ya sokoni si bure, kuna mkono wa mtu. Nami, badala ya kukiri, nikajibu: “Alipona, mama. Ilimpitia kidogo tu.” Kumbe mwenzetu anasema alipenda papo hapo!

Aibu ikanipeleka hadi kwenye Kilatini. Warumi walikuwa na fulgur, umeme unaomulika, na fulmen, ile inayopiga na kuua. Foudre imezaliwa na fulgur, lakini Wafaransa wameitwika kazi ya fulmen. Mwanga wenyewe wanauita éclair. Nilitaka kuwacheka, nikajikumbuka: radi yetu imetoka kwa raad ya Kiarabu, ambayo ni ngurumo. Aliyesoma Suratur-Raad anajua. Sisi tukaifanya muuaji, kelele tukaiachia ngurumo.

Sasa nikikutana na neno la namna hii najiuliza: linamulika, linanguruma, au linaua? Na kama hakuna wingu karibu, radi naitupa. Mort foudroyante ni kifo cha ghafla, marehemu hakunyeshewa na mvua yoyote. Angalia na jinsia ya neno. La foudre ni radi, ila un foudre, la kiume, ni pipa kubwa la mvinyo. Barua ya nne nusura nimpe mjomba wa watu radi ya mbao ghalani.

Barua ya kwanza niliirudia bure, nikampelekea mama mwenyewe mkononi. Akaisoma, akanitazama. Dua ya kushukuru mkwe kupona ilikuwa imeshasomwa Ijumaa, na pilau imeliwa.