Nimeshakula Vya Kutosha

Jana usiku mwanangu kaniuliza, mswaki uko mdomoni: "Baba, mtu na kasa wakishindana kuogelea, nani anashinda?"

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo nilishalisikia kwenye banda umiza, Mwananyamala, likiulizwa na vitoto vya Kikorea vinavyoelea kwenye bahari ya Busan. Wao kasa walimpambanisha na Cho Oh-ryun, mwogeleaji aliyeipatia Korea Kusini dhahabu kwenye Michezo ya Asia ya 1970 na 1974.

Filamu ni Chingu, yaani Rafiki, ya 2001. Watoto wanne wanakua, wawili wanaishia kwenye magenge, kila mmoja lake. Kwao iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 8. Sisi tulikuwa kama arobaini, jasho tupu, mimi na rafiki yangu Kibonge tumebanana benchi moja. Kiingilio alinilipia yeye.

Ikafika ile ya mvua. Dong-su, mmoja wa wale wawili wa magenge, kaambiwa na mwenzake Joon-seok aende Hawaii akajifiche mambo yapoe, kajibu: nenda wewe. Anatoka nje, anakutana na kisu. Cha kwanza, cha pili, cha tano, mvua inamwagika tu. Mtafsiri wetu, ambaye kila mtu akifa lazima achombeze utani wake, siku hiyo aliacha mbwembwe. Alisema taratibu kwenye maiki: "Basi. Nimeshakula vya kutosha."

Banda zima likaangua kicheko. Kula visu!

Kibonge hakucheka. Aligeuza shingo akaniangalia, mwanga wa TV umempiga nusu ya uso, karanga ziko kiganjani, hatafuni. Tulikuwa na kibubu chetu, kimewekwa kwa bibi yake. Mwezi mzima nilikuwa nakichokonoa kwa spoku.

Akanisogezea kiganja. "Karanga?"

Nikachukua. Nikala.

Tulipokuja kukivunja, hesabu ikagoma, akachapwa mdogo wake. Mimi niliangalia miguu yangu. Yule Joon-seok wa kwenye filamu angeweza kukana mahakamani, lakini alikubali kwamba ni yeye aliyeagiza Dong-su auawe. Rafiki yao mwingine alipomfuata gerezani kumuuliza kwa nini alikubali, akasema ni aibu tu. Aibu ninayo, miaka yote hii. Namba ya Kibonge pia ninayo.

"Baba, hujanijibu."

"Inategemea na kasa mwenyewe," nikamwambia. "Sukutua, ukalale."