Chungu cha Saba: tulivyopanga magauni ya Idi ya 2018

Karakana ya Hajati ilikuwa Kisenyi, Kampala, na kazi yake kubwa ilikuwa magauni ya Idi ya watoto wa kike, saizi 2 hadi 12. Palikuwa na mafundi sita wa cherehani, fundi mmoja wa kukata, mashine mbili za ovaloki za kufunga kingo na meza ya kukatia yenye urefu wa mita 6. Mafundi wengi walitoka Kongo, wengine Bombo na Mbale, kwa hiyo kazi yote iliendeshwa kwa Kiswahili. Hajati mwenyewe alilelewa Mombasa na siku za mfungo alizihesabu kwa vyungu: chungu cha saba ni siku ya saba ya Ramadhani. Mimi niliandika madaftari. Msimu ninaousimulia ni ule ambao Ramadhani ilianza katikati ya Mei na Idi ikaangukia katikati ya Juni.

Hesabu ilianza mwezi wa Rajabu, kabla ya kununuliwa hata uzi. Madaftari yalikuwa mawili. La kwanza ni la mauzo: saizi, rangi, bei, chungu cha ngapi, mnunuzi wa jumla au wa rejareja. La pili ni la walioondoka mikono mitupu. Kila aliyeuliza gauni tukawa hatuna, tuliandika alitaka nini na siku gani. Bila daftari hilo la pili, la kwanza linadanganya, kwa sababu linaonyesha kilichouzwa tu, halionyeshi kilichotakiwa.

Mfano ni saizi 8. Msimu wa 2017 ziliuzwa 60, na ya mwisho ilitoka chungu cha 18. Anayetazama mauzo peke yake atashona 60 tena, au ataongeza kumi kwa kubahatisha. Hajati alitazama saizi ambazo hazikuisha hadi Idi, akakuta kwamba kufikia chungu cha 18 zilikuwa zimeuza sehemu 4 kati ya 10 za mauzo yake yote ya msimu. Basi 60 nayo ni sehemu 4 kati ya 10, na mahitaji kamili ya saizi 8 ni kama 150. Kisha akageukia saizi 10, iliyokuwa imeuza 125. Daftari la pili lilionyesha kwamba wapo akina mama waliokosa saizi 8 wakachukua 10 na kukunja pindo. Hao aliwaondoa, saizi 10 ikabaki 100. Ukisahau hatua hii utaongeza saizi mbili kwa ajili ya mteja mmoja. Mwisho wa hesabu tulikuwa na magauni 600: saizi 2 magauni 50, saizi 4 magauni 100, saizi 6 na 8 magauni 150 kila moja, saizi 10 magauni 100, saizi 12 magauni 50.

Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo hakulinganisha Juni na Juni hata siku moja. Alilinganisha chungu na chungu. Biashara ya mfungo ina mwendo wake. Wachuuzi wa Arua, Mbale na Mbarara hununua Shaabani na kumi la kwanza la mfungo, kwa kuwa wanahitaji muda wa kusafirisha na kuuza kwao. Kumi la pili hupoa. Kumi la mwisho ni la akina mama wa Kampala, na wengi huja usiku baada ya tarawehe. Juu ya kalenda hiyo ya mwezi mwandamo aliiweka kalenda ya shule, nayo haisogei na mwezi. Mwaka 2018 muhula wa pili ulifunguliwa mwishoni mwa Mei, yaani mwanzoni mwa kumi la pili. Maana yake kumi la kwanza lote mzazi alikuwa akikusanya ada. Tena wasichana wakubwa wa bweni wengi wangekuwa shuleni siku ya Idi, na hao ndio wa saizi 12. Kwa hiyo hata zile 50 za saizi 12 alizitilia shaka tangu mwanzo.

Gauni moja lilitugharimu shilingi 25,000 kwa kitambaa, bitana, neti, zipu na ufundi, na kwa bei ya jumla liliuzwa 40,000. Baada ya Idi gauni lile lile lilikwenda kwa 18,000. Ukipungukiwa gauni moja umekosa 15,000, ukizidisha moja umepoteza 7,000. Ukiishika hesabu hiyo utaona kwamba inafaa kushona zaidi kidogo ya kile unachokitarajia, maana kupungukiwa kunauma kuliko kuzidisha. Ila hiyo ni kwa gauni lililokwisha kushonwa. Kitambaa kikiwa bado jora, hasara yake ni ndogo mno, kwani krepu ya rangi moja huuzwa tena au hushonewa harusi za Agosti. Hapo ndipo mpango wote ulipojengwa: kata sehemu 6 kati ya 10 kabla ya mfungo, na sehemu 4 zibaki kitambaa.

Kwenye maduka ya vitambaa ya Kiyembe, Kampala, Hajati alilipia majora 11 ya mita 50 kwa mkupuo wa kwanza, katika rangi tatu: damu ya mzee, haradali na kijani cha chupa. Kwa mkupuo wa pili hakununua. Aliweka arubuni ya majora 7 kwa mwenye duka, kwa sharti kwamba rangi ataichagua mwenyewe baadaye. Mwenye duka alikubali kwa kuwa rangi zote tatu alikuwa nazo stoo, na arubuni ilimtosha kumtuliza. Kwa maoni yangu makubaliano hayo yalikuwa na thamani kuliko punguzo lolote la bei ambalo angeweza kuliomba siku ile.

Kabla ya kukata, kila jora lilipimwa. Fundi alikata kipande cha sentimita 50 kwa 50, akakifua, akakipiga pasi, akakipima upya. Kikirudi sentimita 48.5 kimeruka asilimia 3, na pateni lazima iongezwe kiasi hicho, la sivyo saizi 8 itavaliwa na mtoto wa saizi 6 na rekodi yako yote ya saizi itaharibika. Alilinganisha pia majora ya rangi moja kwenye mwanga wa dirishani. Majora mawili ya haradali yaliyotiwa rangi siku tofauti kiwandani hayafanani, na mkono wa jora moja ukishonwa kwenye kifua cha jora jingine, mteja anaona akiwa mlangoni.

Gauni lilikula wastani wa mita 1.4, kwa hiyo meza yetu ilibeba magauni manne kwa ramani moja, yaani mpangilio wa vipande vya pateni juu ya kitambaa. Ramani ya kwanza ilikuwa na saizi 4, 6, 8 na 10, ikatandazwa tabaka 60. Ya pili ilikuwa na saizi 2, 6, 8 na 12, tabaka 30. Jumla magauni 360, kwa uwiano ule ule wa hesabu ya Rajabu, na kitambaa mita 504. Ongeza asilimia 3 ya ncha za tabaka na madoa, inakuwa 519. Rangi ziligawanywa kwa tabaka, sehemu tatu zinazokaribiana. Kila kipande kilibandikwa namba ya tabaka yake, ili vipande vya gauni moja vitoke kwenye kitambaa kimoja hata vikipita mikononi mwa watu watano.

Fundi mmoja alitoa magauni 5 kwa siku, yaani 30 kwa siku kwa wote. Kwa hesabu hiyo 360 ni siku 12, lakini Hajati aliweka siku 16 za kazi, kwa sababu umeme hukatika na zipu huharibika. Ndani ya mfungo alihesabu magauni 4 kwa fundi, jumla 24 kwa siku. Fundi aliyefunga huchoka baada ya adhuhuri na hutakiwa awe nyumbani kabla ya futari. Kupanga siku za Ramadhani kwa kasi ya Shaabani ni kujidanganya, na anayelipia kosa hilo ni fundi anayekeshezwa usiku wa Idi.

Uamuzi wa mkupuo wa pili uliwekwa chungu cha saba. Hajati hakuchagua siku hiyo kwa desturi tu. Magauni 240 kwa kasi ya 24 ni siku 10. Ukiongeza siku mbili za kukata na mbili za pasi na vifungashio, kazi inakwisha mwanzoni kabisa mwa kumi la mwisho. Uamuzi ukichelewa zaidi ya hapo, mzigo unaingia dukani wateja wakiwa wamekwisha kununua kwingine.

Jioni hiyo, baada ya futari, tulikaa kwenye meza ya kukatia. Magauni yaliyokuwa yameuzwa yalikuwa 132. Rekodi za miaka iliyotangulia zilionyesha kuwa kufikia chungu cha saba sehemu moja kati ya tano ya msimu huwa imekwisha kuuzwa. Fundi wa kukata alizidisha haraka.

"Mama Hajati, 132 mara tano ni 660. Tukate zote 240, na bado tutapungukiwa."

"Papa, nani amenunua hayo 132?" Hajati akaniangalia. "Mwanangu, soma."

Nilisoma. Magauni 40 yalichukuliwa na mchuuzi mmoja wa Arua kwa mara moja. Mnunuzi wa jumla akija hutoa oda yake yote ya msimu siku hiyo hiyo, kwa hiyo hizo 40 hazizidishwi. Zinahesabiwa 40 na zinaachwa hapo. Zilizobaki ni 92. Hajati hakuzizidisha mara tano pekee. Kwa kuwa mwaka ule ada ilikuwa bado haijalipwa, alisema huenda hizo 92 ni sehemu moja kati ya sita, maana wazazi wamechelewa tu, hawajakataa. Mara tano ni 460, mara sita ni 552. Ukirudisha 40 za Arua unapata kati ya 500 na 592. Toa 360 zilizokwisha kukatwa, mkupuo wa pili uko kati ya 140 na 232.

Fundi alitaka tuchukue namba kubwa. Hajati alichukua upande wa chini kwanza, kwa sababu moja tu: nafasi ya pili ya kuamua ilikuwepo. Shule zikishafunguliwa, mauzo yangeonyesha kama pesa imerudi mifukoni, na magauni machache yangeweza kushonwa bado. Kama nafasi hiyo isingekuwepo, angekwenda juu ya katikati.

Ramani ya pili iliwekwa kando, kwani saizi 2 na 12 zilikuwa zimelala. Ikachorwa nyingine ya saizi 4, 6, 8 na 8, tabaka 38, magauni 152. Haradali ilikuwa ikitoka mara mbili ya damu ya mzee, na kijani kilikuwa nyuma sana. Tabaka 25 zikawa haradali, 13 damu ya mzee, kijani hakuna. Kesho yake majora matano yalitoka Kiyembe kwa arubuni ile.

Chungu cha 13 tulikaa tena. Wazazi walikuwa wamerudi, hasa kwa saizi 4 hadi 8. Hajati akaruhusu tabaka 13 nyingine za saizi 4, 6, 6 na 8, magauni 52, kwa kitambaa kilichobaki na jora moja la ziada. Jora la saba hakulichukua, na arubuni yake ikageuzwa bitana.

Kilichotusumbua hasa ni zipu za kuficha. Saizi ndogo zilitaka za sentimita 35, kubwa za 45. Mkupuo wa pili ulipobadilisha uwiano wa saizi, zipu za 35 za haradali ziliisha huku za 45 zikijaa kwenye boksi. Mafundi wawili walikaa bila kazi asubuhi nzima hadi mtu alipozipata kwenye maduka ya Kikuubo, katikati ya Kampala. Tangu hapo orodha ya zipu ilihesabiwa upya kila ramani ilipobadilika, siku ile ile, kabla kitambaa hakijatandazwa.

Tulishona jumla ya magauni 564. Baada ya Idi yalibaki 19, mengi ya kijani, saizi 2 na 12. Daftari la mikono mitupu lilikuwa na majina 31, na zaidi ya nusu walitaka haradali saizi 8.

Wiki iliyofuata Hajati aliniandikisha maagizo ya 2019. Idi ingeangukia mwanzoni mwa Juni, hivyo ufunguzi wa shule ungeingia ndani ya kumi la mwisho. Kwa sababu hiyo mkupuo wa kwanza ushuke hadi sehemu 5 kati ya 10, na arubuni ipande. Saizi 12 zikatwe 20 tu. Na kikao cha pili kisogezwe hadi chungu cha 15, mafundi wawili wa ziada wakiwa wamekwisha kuahidiwa kazi tangu Shaabani.